Mercator, Albers au mita za mpima ardhi? Kuchagua projeksheni ya ramani za Dodoma kwenye D3

Mdogo wangu anayesoma pale UDOM alinipigia saa tatu usiku. "Kaka, nimebadilisha projeksheni tano, ramani bado ni bluu tupu." Akanitumia picha. Kweli, ukurasa mzima bluu, na ukikaza macho katikati unaona kitundu cheupe kisichozidi punje ya mtama. Kile kitundu ndio Mkoa wa Dodoma.

Kosa halikuwa la projeksheni, yaani njia ya kutandaza duara la dunia kwenye karatasi au skrini, hata moja kati ya zile tano. D3, maktaba ya JavaScript ya kuchora data kwenye kivinjari, haichori juu ya karatasi bapa, inapiga hesabu juu ya duara la dunia. Ukichora mstari wa kuzunguka mkoa juu ya duara, pande zote mbili za mstari ni maeneo yenye mwisho: mkoa wenyewe upande mmoja, dunia yote iliyobaki upande wa pili. Inajuaje lipi ni la ndani? Kwa mwelekeo wa nukta. D3 inataka mpaka wa nje uzunguke kama mshale wa saa, ilhali kanuni ya GeoJSON (muundo wa faili za data za ramani) ya mwaka 2016, ile RFC 7946, inataka uzunguke kinyume chake. Kwa hiyo faili lake lilikuwa sahihi kwa kanuni, na D3 ikasoma "dunia yote isipokuwa Dodoma" ikaipaka bluu kwa utiifu kabisa. Tuligeuza mwelekeo wa poligoni, ramani ikatokea.

Ndipo akauliza swali ambalo ndilo nililokusudia kulijibu hapa: "Sasa kwa kazi yangu, kaka, nitumie ipi?"

Kazi yake ni ramani tatu. Moja ya nchi nzima, mikoa ikipakwa rangi kwa msongamano wa watu wa sensa ya 2022. Ya pili ya Mkoa wa Dodoma ikiwa na visima vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Ya tatu ya kuonyesha umbali kutoka Dodoma kwenda pande zote. Nimezichora zote kwa kila projeksheni inayostahili kujaribiwa, na msimamo wangu nausema mapema: mengi ya makelele kuhusu projeksheni yameandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Sisi tuko nyuzi 6 Kusini. Hapa jina la projeksheni mara nyingi hubadilisha kidogo sana. Kinachoharibu ramani ni namna ulivyoiweka, na namba ulizoiletea.

Vitasa vinne vya kuzungusha

Karibu kila projeksheni ya D3 ina mipangilio ileile ya msingi. `scale` ni ukubwa, na kwa projeksheni za aina ya Mercator ni idadi ya pikseli kwa radiani moja (nyuzi 57 hivi). Tanzania ina upana wa nyuzi 11 na kidogo, yaani radiani 0.195 hivi, kwa hiyo kwenye picha ya pikseli 600 unahitaji `scale` ya 3000. Ukitaka jiji tu, tuseme kilomita 30 kwenye pikseli hizohizo 600, unapanda hadi 127,000 hivi. `translate` husogeza picha kwenye skrini. `center` husema nukta gani ya dunia ikae katikati ya picha. `rotate` huzungusha dunia yenyewe kabla haijatandazwa.

Kuna pia `fitSize`, inayokupigia hesabu ya `scale` na `translate` kwa kulitazama umbo lako. Itumie. Sioni sababu ya mtu kubahatisha namba mwaka huu. Ila ielewe: `fitSize` haigusi `rotate`, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kama tutakavyoona kwenye Albers.

Na alama za kujumlisha na kutoa. `center` inapokea longitudo na latitudo kama zilivyo: `[35.75, -6.17]` kwa Dodoma. `rotate` inapokea kinyume chake, kwa sababu unaivuta dunia ije kwako: `[-35.75, 6.17]`. Sisi wa kusini tuna latitudo hasi, ikigeuzwa inakuwa chanya. Nimekwisha kuona mtu akichora ramani ya Dodoma inayoelekea kusini-magharibi ya Ethiopia kwa sababu ya alama hiyo moja.

Mercator na ile ya gridi sawa

Tuanze na mbili ambazo kila mtu huanza nazo. `geoMercator` ni ile ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, iliyobuniwa kwa ajili ya mabaharia: mstari ulionyooka kwenye karatasi ni safari yenye mwelekeo mmoja wa dira. `geoEquirectangular` ndiyo rahisi kuliko zote, inageuza longitudo kuwa mlalo na latitudo kuwa wima bila hesabu yoyote ya maana.

Watu wataapa kwamba Mercator ni uongo. Ni kweli, Greenland inavimba zaidi ya mara kumi kwa eneo ikilinganishwa na nchi za ikweta. Lakini hebu tulete kipimo kwetu. Kwenye Mercator eneo la Bukoba limekuzwa kwa asilimia 0.05. La Dodoma, asilimia 1.2. La Tunduru kule kusini, asilimia 3.8. Hayo ndiyo madhambi yote ya Mercator ndani ya Tanzania. Ukichukua Mkoa wa Dodoma peke yake, kutoka kaskazini ya Kondoa hadi kusini ya mkoa, tofauti inashuka hadi asilimia 1 hivi.

Nikaziweka mbili hizo pamoja kwa `scale` ileile ya 3000. Nchi nzima, kutoka nyuzi 1 hadi nyuzi 11.75 Kusini, ilitoka na urefu wa pikseli 563 kwenye gridi sawa na pikseli 567 kwenye Mercator. Pikseli nne. Mdogo wangu alikuwa amekesha usiku kucha akizibadilisha hizo mbili akitafuta tofauti.

Sasa ipi? Kama nyuma ya ramani yako utaweka vigae (vipande vya picha ya ramani) vya barabara na majengo kutoka kwenye huduma za mtandaoni, huna uchaguzi: vigae hivyo karibu vyote vimekatwa kwa Mercator ya wavuti, na ukitumia projeksheni nyingine visima vyako vitaelea pembeni ya barabara. `scale` yake nayo haibahatishwi. Ni 256 mara 2 kwa kipeo cha kiwango cha ukuzaji, gawanya kwa 2π. Kiwango cha 12 kinakupa 166,886:

```
d3.geoMercator()
  .center([35.75, -6.17])
  .scale(256 * 2 ** 12 / (2 * Math.PI))
```

Gridi sawa naiacha kwa kazi moja tu: kuangalia haraka kama data imesomwa vizuri. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba nukta ikikaa vibaya unajua kosa ni la data. Zaidi ya hapo haina inachomzidi Mercator kwetu, tena inanenepesha maumbo kidogo kwa upande wa mashariki na magharibi.

Albers, na hadithi ya nchi iliyolala ubavu

Kwa ramani ya msongamano wa watu, macho ya msomaji hupima rangi kwa eneo. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa watu 3,085,625 mwaka 2022 kwenye kilomita za mraba 41,311, yaani watu 75 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam ina zaidi ya milioni tano kwenye kipande kidogo cha pwani. Kwenye ramani ya namna hii eneo lisidanganye, na projeksheni ya koni ya Heinrich Albers, ya mwaka 1805, inalinda eneo kikamilifu.

Lakini ole wako ukiichukua kama ilivyo. `geoAlbers` ya D3 imepangwa tayari kwa ajili ya Marekani: latitudo zake mbili za msingi ni nyuzi 29.5 na 45.5 Kaskazini, na dunia imezungushwa nyuzi 96. Ukiitia Tanzania humo na `fitSize` juu yake, nchi inatokea imelala ubavu, imegeuka karibu nyuzi 79, Bukoba ikitazama kushoto chini, na imenyooshwa kwa zaidi ya moja ya tano upande mmoja. `geoAlbersUsa` ni mbaya zaidi, au nafuu zaidi, sijui niiteje: yenyewe haichori chochote nje ya Marekani. Unabaki na skrini nyeupe ukidhani faili halijafika.

Tumia ile ya jumla, `geoConicEqualArea`, uipange mwenyewe. Hapa ndipo tofauti kati ya `center` na `rotate` inapouma. Kwenye Mercator ukisema `center([35, -6.4])` mambo yanaisha. Kwenye koni longitudo haiwekwi kwa `center`. Meridiani (mstari wa longitudo) ya katikati ndiyo pekee iliyosimama wima, nyingine zote zimeinama kuelekea ncha ya koni, na `center` haibadilishi meridiani ipi ni ya katikati, inasogeza tu picha. Kwa hiyo ukiweka nyuzi 35 kwenye `center`, nchi inakuja katikati ya skrini ikiwa bado imeinama. Kwa mpangilio wa mwanzo wa D3, wenye latitudo za msingi 0 na 60 Kaskazini, inaegemea kushoto kwa nyuzi 15. Hata ukizirekebisha latitudo za msingi, bado itainama nyuzi 4 upande wa kulia, na hizo nne ni mbaya kuliko kumi na tano kwa sababu mtu hazioni mara moja. Anaona tu ramani "haijatulia".

Sahihi ni hivi: longitudo iende kwenye `rotate`, latitudo ibaki kwenye `center`.

```
d3.geoConicEqualArea()
  .parallels([-3, -10])
  .rotate([-35, 0])
  .center([0, -6.4])
  .fitSize([600, 600], tanzania)
```

Hizo -3 na -10 sikuziokota. Kuna kanuni ya zamani ya wachora ramani: chukua urefu wa nchi kwa nyuzi, ugawe kwa sita, kisha ingia ndani kiasi hicho kutoka kila ncha. Tanzania ina nyuzi 10.75, sehemu ya sita ni 1.8, unaangukia karibu na 3 na 10. Hizo ndizo latitudo ambako ramani inagusa dunia bila kunyoosha wala kubana.

Je, msomaji ataiona tofauti ya Albers na Mercator kwa macho? Nasema kweli, hapana. Asilimia nne kati ya Tunduru na Bukoba hazionekani. Nachagua Albers kwa nchi nzima kwa sababu haigharimu kitu ukishajua mistari minne hiyo, na kwa sababu siku ukibadilisha rangi kwa nukta, nukta moja kwa watu elfu moja, msongamano wa nukta utakuwa wa haki. Ila kama mwalimu wako anakuambia ramani yako ya Mkoa wa Dodoma ni batili kwa sababu ni Mercator, mwonyeshe hiyo asilimia 1 kwa heshima.

Mita za mpima ardhi

Ramani ya visima ndiyo iliyotutesa, na ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Jedwali alilopewa halikuwa na latitudo na longitudo. Lilikuwa na safu mbili za namba kubwa, kama 803,000 upande mmoja na milioni tisa na ushei upande wa pili. Aliyezoea anazitambua: ni mita za UTM. Mfumo huu unaigawa dunia katika kanda 60 za nyuzi sita sita, kila kanda ikitumia Mercator iliyolazwa ubavu kwenye meridiani yake ya katikati. Meridiani hiyo hupewa mita 500,000 ili kusiwe na namba hasi, na kwa nusu ya kusini ikweta hupewa mita 10,000,000.

Tanzania inaguswa na kanda tatu. Mji wa Kigoma uko kanda ya 35. Katikati ya nchi ni kanda ya 36, yenye meridiani ya nyuzi 33. Mashariki ni kanda ya 37, yenye meridiani ya nyuzi 39. Na mpaka kati ya 36 na 37 ni nyuzi 36 Mashariki, mstari unaopita kama kilomita 28 tu mashariki ya katikati ya Jiji la Dodoma. Unaukata mkoa vipande viwili. Bahi na Kondoa mjini zinaangukia kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa kanda ya 37.

Sasa fikiria jedwali moja lililokusanywa na watu wawili, mmoja alitembea Bahi na mwingine Mpwapwa, na hakuna safu inayosema kanda. Kijana kalichukua lote kama kanda ya 36. Visima vya Bahi vikakaa Bahi. Vya Mpwapwa vikaruka kilomita 660 kwenda magharibi, vikatua magharibi ya Mpanda, mkoani Katavi. Alidhani projeksheni imeharibika, akaanza kubadilisha Mercator kwa Albers na Albers kwa Mercator. Unaweza kubadilisha hadi ng'ombe warudi zizini, kisima cha Mpwapwa hakitoki Katavi kwa njia hiyo.

Njia ya kuzitenganisha kanda ni rahisi kwa mkoa wetu. Namba ya mashariki ikiwa kati ya 700,000 na 832,000, hiyo ni kanda ya 36. Ikiwa kati ya 168,000 na 290,000 hivi, hiyo ni kanda ya 37. Hakuna kisima cha Dodoma kitakachokuwa na 500,000. Kikitokea, mpigie simu aliyekuletea.

Baada ya kuzitenganisha, una njia mbili za kuchora, na hapa ulinganisho una maana kweli.

Njia ya kwanza ni kuziacha mita kama zilivyo. D3 ina `geoIdentity`, projeksheni isiyofanya projeksheni: inachukua namba kama zilivyo, inazifinyanga zikae kwenye skrini, basi. Weka `reflectY(true)` kwa sababu mita zinaongezeka kwenda kaskazini ilhali pikseli zinaongezeka kwenda chini. Bila hiyo Kondoa inakuwa kusini. Njia hii ni nyepesi, ya haraka, na inatunza kazi ya mpima kwa usahihi wake wote. Inafaa kabisa ukiwa na Bahi peke yake, au kiwanja na majirani zake. Haifai kwa mkoa mzima, kwa sababu vipande viwili vya kanda tofauti haviungani kwenye karatasi moja.

Njia ya pili ni kuzirudisha mita kuwa latitudo na longitudo kwanza, kwa maktaba nyingine iitwayo Proj4js, halafu ndipo D3 ifanye yake. Kazi imeongezeka, lakini sasa uko huru kuchagua projeksheni yoyote. Na kwa mkoa huu nina chaguo moja ninalolipenda, ile Mercator iliyolazwa ubavu:

```
d3.geoTransverseMercator()
  .rotate([-36, 0])
  .fitSize([600, 600], mkoa)
```

Huu ndio mstari uleule unaotukata, nyuzi 36, umegeuzwa kuwa uti wa mgongo wa ramani. Mkoa uko takribani kati ya nyuzi 35 na 37, kwa hiyo hakuna sehemu iliyo mbali na uti huo, na kwa nyuzi moja kila upande vipimo vinapotoka kwa sehemu 15 tu katika 100,000, yaani mita 15 katika kilomita 100. Mercator ya kawaida ingekupa mita zaidi ya 500 kwa umbali huohuo ukiipima kwa skeli ya ikweta. Kwa ramani yenye kijimstari cha kilomita pembeni, hii ndiyo inayoshinda.

Usiichanganye na UTM yenyewe, lakini. D3 huchukulia dunia ni tufe kamili, haijui ubapa wa ncha zake. Kwa kuchora kwenye skrini haina neno. Kwa kutoa namba za vigingi vya kiwanja, kamwe.

Bado kuna jini moja limejificha kwenye mita hizi. Ramani nyingi za zamani na hati za upimaji wa Tanzania zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu yako na GPS vinatumia WGS84. Namba zinafanana sura, kanda ni ileile, lakini mahali si palepale. Ukizisoma mita za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84, kila kitu kinasogea takribani mita 300, kwa kiasi kikubwa kuelekea kaskazini. Kwenye ramani ya nchi hiyo ni chini ya pikseli moja. Kwenye ramani ya mtaa, kiwanja cha mtu kimevuka barabara mbili na kukaa kwenye cha mwenzake, na Dodoma ya leo si mji wa kumwambia mtu kiwanja chake kimehama. D3 haiwezi kulisahihisha hili hata uipange vipi. Ni Proj4js inayojua, ukiiambia:

```
+proj=utm +zone=36 +south +ellps=clrk80
+towgs84=-160,-6,-302,0,0,0,0 +units=m +no_defs
```

Ukikuta kwenye faili namba 21036 au 21037, hiyo ni Arc 1960 kwa kanda ya 36 na ya 37. Ukikuta 32736 au 32737, ni WGS84 kwa kanda hizohizo. Hilo ndilo la kuuliza kwanza ukipewa data ya ardhi, kabla hujaulizia rangi ya ramani.

Umbali kutoka Dodoma

Ramani ya tatu haikuchukua muda. Ukitaka mahali pamoja pawe kitovu na umbali wote kutoka hapo uwe wa kweli, ni `geoAzimuthalEquidistant` na `rotate([-35.75, 6.17])`. Dar es Salaam inakaa karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na Cairo na Cape Town nazo zinakaa mahali pake kwa skeli ileile. Duara za umbali zinachorwa na `d3.geoCircle`, nusu kipenyo kikiwa kwa nyuzi: nyuzi 1 ni kilomita 111, kwa hiyo kilomita 200 ni `radius(1.8)`.

Kwa duara ya kilomita 200, hata Mercator inakupa duara iliyo karibu na kamili, usipoteze usingizi. Tofauti inajitokeza duara linapofika Misri. Dada yake, yaani `geoAzimuthalEqualArea`, anatunza eneo badala ya umbali, na ni mbadala mzuri wa Albers kwa Tanzania kwa kuwa nchi yetu upana na urefu vinakaribiana. Ile ya tufe, `geoOrthographic`, ni ya mapambo ya ukurasa wa kwanza.

Ukitoka nje ya mipaka

Niliyoyasema kuhusu asilimia ndogo yanakoma mara ramani inapobeba bara zima au dunia. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na kidogo, Greenland milioni 2.2. Mara 14 hivi. Kwenye Mercator zinaonekana kama ndugu wa rika moja. Hapo sina mjadala: `geoEqualEarth`, iliyotolewa mwaka 2018 na Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny, na imo ndani ya D3 yenyewe bila kuongeza kitu. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliiunga mkono kampeni ya kuitaka dunia iache kutumia Mercator kwa ramani za dunia, na Equal Earth ndiyo inayopendekezwa kushika nafasi yake. Ile ya Peters ya 1973 nayo inatunza eneo, ila inalirefusha bara letu kama nguo iliyoanikwa ikiwa na maji.

Na wanaotumia Python

Mdogo wangu alirudi wiki iliyofuata. Mwalimu anataka picha za ripoti zitoke kwenye Python, kwa Cartopy, maktaba yake ya kuchora ramani. Mawazo ni yaleyale, ila lugha ni tofauti kidogo, na kwa kuanza naiona ya kirafiki zaidi. Longitudo ya katikati unaiandika kama ilivyo, bila kugeuza alama:

```
ccrs.AlbersEqualArea(central_longitude=35,
    central_latitude=-6, standard_parallels=(-3, -10))
```

Latitudo zake za msingi usipozitaja zinakuwa 20 na 50, za kaskazini tena, kwa hiyo zitaje. UTM ipo tayari, `ccrs.UTM(36, southern_hemisphere=True)`, nayo inaujua ubapa wa dunia, jambo ambalo D3 hailijui. Kwa picha iliyotulia ya kuchapisha, Cartopy. Kwa ramani ya kubofya kwenye kivinjari, D3.

Mtego wake ni mmoja. Cartopy inatofautisha `projection`, yaani namna ya kuchora, na `transform`, yaani lugha ya namba ulizoleta. Ukiisahau `transform=ccrs.PlateCarree()`, inayosema namba ni longitudo na latitudo, inachukua 35.75 na -6.17 kama mita: mita 35 mashariki na mita 6 kusini ya kitovu cha ramani. Na kwa kuwa kitovu tulikiweka nyuzi 35 na 6 Kusini, visima vyote vya mkoa vilirundikana sehemu moja, kama kilomita 80 magharibi ya jiji, njia ya kwenda Manyoni. Alinitumia picha akiwa na furaha. "Kaka, angalia, kumbe maji yote yako huku."